Kamera, Nuru na Mtindo wa Waimpreshonisti: Je, ni Jaribio au ni Mchezo?

Imeanza kuenea miongoni mwa vijana wetu desturi ya kupiga picha kwa simu ya mkononi, kisha kubonyeza kitufe kimoja cha programu na kuigeuza picha hiyo hadi ikafanana na mchoro wa rangi za mafuta uliochorwa Ufaransa miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mti hugeuka kuwa mabaka ya kijani na manjano, uso wa mtu hufifia, na maji ya ziwa huwa vipande vipande vya nuru. Kazi yote huchukua sekunde mbili au tatu, na kijana aliyeifanya hupenda kusema kwamba anafanya majaribio ya mtindo wa Waimpreshonisti. Walimu wengi wa sayansi, wanapoonyeshwa picha za namna hiyo, hutikisa vichwa na kusema kwamba huo ni mchezo, tena mchezo wa kuharibu picha nzuri.

Mwandishi wa makala haya hakubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Kijana anakosea anapoliita tendo lake jaribio, kwa sababu hakubadilisha jambo lolote analolijua, hakupima kitu, wala hawezi kueleza ni kwa nini matokeo yamekuwa hayo na si mengine. Mwalimu naye anakosea anapodhani kwamba picha yenye ukungu haina la kufundisha kuhusu nuru. Maoni yangu ni kwamba majaribio ya mtindo huu, yakifanywa kwa kamera yenyewe huku daftari likiwa pembeni, yanastahili kupewa nafasi katika somo la nuru shuleni; na kwamba kitufe cha programu kisipewe nafasi hiyo mpaka mwanafunzi aweze kueleza kilichomo ndani yake. Yaliyomo katika jambo hili ni makubwa kuliko mapambo ya picha, maana mwishowe linatufikisha kwenye swali la picha ipi tuiamini na kwa sababu gani.

Yafaa kwanza tukumbuke wachoraji hao walikuwa nani. Tarehe 15 Aprili 1874, kundi la wachoraji lilifungua maonyesho yao mjini Paris, katika nyumba namba 35 ya Boulevard des Capucines, kwenye vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Nadar. Miongoni mwao walikuwamo Claude Monet, Pierre-Auguste Renoir, Edgar Degas, Camille Pissarro na Berthe Morisot. Monet alileta mchoro wa bandari ya Le Havre alioufanya mwaka 1872, akauita "Impression, soleil levant", yaani mwonekano unaonaswa na jicho kwa mara ya kwanza, jua linapochomoza. Mhakiki mmoja, Louis Leroy, aliandika katika gazeti la Le Charivari la tarehe 25 Aprili makala ya dhihaka, na kutokana na jina la mchoro huo akawabandika wote jina la Waimpreshonisti. Dhihaka ikageuka kuwa jina la heshima, kama itokeavyo mara nyingi. Lakini msomaji na aangalie jambo moja: mtindo ambao leo tunadhani kamera inauiga ulionyeshwa kwa umma mara ya kwanza ndani ya nyumba ya kamera.

Wala hawakuwa watu waliokwepa sayansi. Mwaka 1839, mwaka uleule ambao ufundi wa kupiga picha wa Daguerre ulitangazwa mjini Paris, mkemia Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu chake kuhusu jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni pa mtazamaji. Chevreul alikuwa mkurugenzi wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, na alikuwa ameletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikolei. Alipochunguza aliona kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Nyuzi nyeusi zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi za buluu na zambarau zilizowekwa kando yake. Kasoro ilikuwa jichoni! Mawazo hayo yaliwafikia wachoraji wa kizazi kilichofuata, nao wakaanza kuweka rangi safi kandokando badala ya kuzikoroga pamoja. Aidha, tangu mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya vikopo laini vya bati vya kukamulia rangi, mchoraji aliweza kubeba rangi zake na kwenda kuchora nje, penye jua lenyewe.

Na tumtazame Monet kwa jicho la mwalimu wa maabara. Katika miaka ya 1890 na 1891 alichora marundo ya mavuno yaliyokuwa shambani karibu na nyumba yake, akayarudia kiasi cha mara 25: asubuhi, mchana, jioni, penye theluji na pasipo theluji. Kisha akachora uso wa kanisa kuu la mji wa Rouen zaidi ya mara 30, kati ya mwaka 1892 na 1894. Kitu kilikuwa kilekile, mahali palepale au karibu na hapo, na kilichobadilika kilikuwa nuru. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kumweleza mwanafunzi maana ya kubadilisha jambo moja na kuyashikilia mengine yote yasibadilike. Kijana anayebonyeza kitufe mara moja juu ya picha moja amechukua sura ya nje ya kazi ya Monet na kuiacha njia yake, na njia ndiyo iliyokuwa mali.

Hata ule mchoro wa mwaka 1872 una jaribio ndani yake, tena rahisi kabisa. Jua katika mchoro huo ni duara la rangi ya machungwa juu ya anga la kijivu lililoelekea buluu. Margaret Livingstone, mtaalamu wa neva wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2002 kwamba ung'avu wa jua hilo ni karibu sawa na ung'avu wa anga linalolizunguka. Tukiigeuza picha ya mchoro huo kuwa nyeusi na nyeupe, jambo ambalo simu yoyote ya kisasa huliweza, jua karibu litoweke kabisa. Sasa, jua la kweli hung'aa kuliko anga mara nyingi mno. Kwa nini basi jua la Monet, ambalo kwa kipimo ni la uongo, huonekana kama linatetemeka na kuwaka? Livingstone anaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua mahali kitu kilipo na mwendo wake hutegemea tofauti za ung'avu na haijali rangi, ilhali sehemu nyingine hutambua rangi. Sehemu ya kwanza hailioni jua hilo vizuri, ya pili inaliona, na kwa hiyo jua huonekana lipo lakini halikutulia. Mwalimu mwenye simu moja anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa muda wa dakika tano.

Wapigapicha wenyewe waligombana juu ya ukungu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwingereza Peter Henry Emerson, aliyesomea udaktari, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1889 kwamba picha yenye ukali ule ule kutoka pembe hadi pembe ni kinyume cha maumbile, kwa kuwa jicho la binadamu huona kwa ukali sehemu ndogo tu iliyo katikati. Alitegemea maandishi ya mwanafizikia wa Kijerumani Hermann von Helmholtz. Muda si mrefu baadaye Emerson aliyakana maoni yake mwenyewe, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwaka 1890 mwenzake George Davison alionyesha picha ya shamba la vitunguu aliyoipiga kwa kamera isiyo na lenzi, yenye tundu dogo tu. Naam, ni kamera ileile ambayo wanafunzi wetu huitengeneza kwa boksi la kadi na sindano ili kuthibitisha kwamba nuru husafiri katika mstari mnyoofu. Tundu likiwa kubwa, kila nukta ya shamba hutupa duara dogo la nuru kwenye bamba, na maduara hayo hupandiana. Huo ndio ukungu wa Davison. Wengi waliiita picha hiyo ya Kiimpreshonisti, na wengine waliona ni aibu. Mtihani wetu humwuliza mwanafunzi kwa nini taswira ya tundu kubwa ina ukungu. Haumwulizi kama ukungu huo waweza kutumiwa kwa faida.

Hapa pana jambo ambalo mimi huliona la ajabu kuliko yote. Mnamo mwaka 1907 ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, walianza kuuza vibao vya kioo vya kupigia picha za rangi. Juu ya kila kibao walikuwa wametandaza chembe za wanga wa viazi, zilizotiwa rangi za machungwa, kijani na zambarau, kila moja ikiwa na upana wa sehemu ndogo sana ya milimita. Nuru ilipita katika chembe hizo kwanza, ndipo ikafikia dawa ya fedha. Ukiitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuzia huoni mtu wala maua, unaona vitone vya rangi tatu, kama mchoro wa Georges Seurat, aliyewafuata Waimpreshonisti na kuchora kwa vitone vitupu mchoro wake mkubwa wa kisiwa cha La Grande Jatte kati ya mwaka 1884 na 1886. Na kamera ya dijitali je? Mwaka 1976 Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak, alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vidogo vinavyofunika kihisi cha nuru: katika kila vichujio vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Mpangilio huo au jamaa zake ndio uliomo katika simu zilizo nyingi. Kila pikseli hupima rangi moja tu. Nyingine mbili kamera huzikisia kutokana na majirani. Hivyo basi, katika picha ya rangi ambayo kijana huiita halisi kabla hajabonyeza kitufe chake, theluthi mbili ya namba za rangi zilikwisha kukisiwa.

Vitone hivyo huungana machoni kwa sababu ya mpaka wa jicho. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizo umbali wa dakika moja ya pembe, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii. Kwa vitone vilivyoachana kwa milimita 1, umbali wa kuungana ni takriban mita 3.4. Mwanafunzi achore kwa kalamu za rangi vitone vya buluu na manjano kwenye karatasi, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua huku mwenzake akipima. Matokeo ya wanafunzi wawili hayatalingana, na hapo ndipo mazungumzo mazuri yanapoanza.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Njia ya kwanza, na kwa maoni yangu iliyo bora kwa shule, ni kuisogeza kamera kwa makusudi wakati inapokea nuru. Mpigapicha Ernst Haas, mzaliwa wa Austria, alisifika katika miaka ya 1950 kwa picha za rangi ambamo mafahali na watu waliokuwa katika mwendo walikuwa michirizi ya nuru. Tuchukue simu ambayo picha yake ina upana wa pikseli 4,000 na inaona pembe ya digrii 60. Kila digrii ni pikseli 67 hivi. Mwanafunzi akiizungusha simu kwa kasi ya digrii 20 kwa sekunde, na mlango wa nuru ukiwa wazi kwa nusu sekunde, kila nukta itaburutwa kwa pikseli 670 hivi, yaani sehemu moja ya sita ya picha nzima. Kwa mwendo uleule, mlango ukiwa wazi kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde, mburuto ni pikseli tatu tu, na hakuna atakayeuona. Ukungu basi si bahati mbaya. Ni kasi ikizidishwa kwa muda.

Mwelekeo nao una siri yake. Simama ufukweni penye minazi, usogeze kamera juu na chini: mashina ya minazi yatabaki kama nguzo laini, na mstari wa upeo wa bahari utatoweka. Isogeze kushoto na kulia: bahari na anga zitabaki tabaka kwa tabaka, na minazi yote itayeyuka kama chumvi. Mstari unaoburutwa kwa kufuata urefu wake hujirudia juu yake wenyewe na kwa hiyo hauharibiki. Unaoburutwa kwa kuukata hutandazwa. Mwanafunzi na aandike ubashiri wake kabla ya kubonyeza. Asipoandika kabla, ataandika baada, na kila mtu hubashiri vizuri baada ya tukio.

Tatizo letu ni jua. Wapigapicha wa zamani wa filamu walikuwa na kanuni kwamba, penye jua kali, ukiweka tundu la lenzi kwenye namba 16, muda ni sehemu moja ya namba ya wepesi wa filamu. Kwa filamu ya 100, ni sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Lakini katika simu nyingi tundu halibadiliki, na mara nyingi namba yake ni kama 1.8. Gawanya 16 kwa 1.8, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: nuru ni mara 79. Muda unaofaa adhuhuri unakuwa kiasi cha sehemu 1 ya 7,900 ya sekunde. Anayetaka nusu sekunde lazima aipunguze nuru kiasi cha mara 4,000. Dukani viko vioo maalumu vya kazi hiyo, na bei yake si ya shule. Fundi wa kuchomelea vyuma, hata hivyo, ana kioo. Kioo cha kuchomelea cha namba 10 hupitisha takriban sehemu 1 tu kati ya 7,000 za nuru, na kikibandikwa mbele ya lenzi, muda hurefuka hadi karibu sekunde 1 nzima. Programu ya kamera sharti iwe inaruhusu kuweka muda kwa mkono. Ninasisitiza kwamba kioo hicho hakitoshi kulitazama jua kwa macho, wala mwanafunzi asiruhusiwe kujaribu. Kamera ielekezwe kwenye mandhari. Picha itatoka ya kijani, kwa kuwa kioo hicho hakipitishi rangi zote kwa usawa, na hilo nalo ni swali zuri la kumwuliza mwanafunzi. Asiyepata kioo asubiri magharibi. Dakika 20 baada ya jua kuzama hazihitaji kifaa chochote.

Njia ya pili ni kupiga picha nyingi na kuzirundika. Pep Ventosa, mpigapicha mzaliwa wa Catalonia, huuzunguka mti mmoja akiupiga picha kutoka kila upande, kisha huzipandanisha picha zote ziwe moja. Mti hubaki katikati ukitetemeka, na dunia nzima inauzunguka kama moshi. Kihesabu, hiyo ni kutafuta wastani wa kila pikseli, na hapo pana mtego wa kufaa kujulikana: namba zilizomo katika faili la kawaida la picha haziendi sambamba na nuru. Namba 128 haimaanishi nusu ya nuru ya namba 255. Inamaanisha takriban sehemu moja ya tano. Mwanafunzi anayechukua wastani wa namba bila kulijua hilo hupata picha tofauti na ile ambayo kamera ingeitoa kwa kuacha mlango wazi muda mrefu, naye atafikiri simu yake ni mbovu.

Na kitufe? Sikitupi. Nataka kifunguliwe. Mojawapo ya hesabu zinazotumiwa na programu za namna hii ilitungwa na Mjapani Michiyoshi Kuwahara na wenzake mwaka 1976, si kwa ajili ya sanaa hata kidogo, bali kusafisha picha za kitabibu za moyo. Namna yake ndogo kabisa mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza kwa kalamu. Tuchukue pikseli tisa zilizo mpakani mwa giza na mwanga:

20   24   80
23   33   84
20   22   82

Pikseli ya katikati, 33, imechafuka kidogo. Tukichukua wastani wa zote tisa tunapata 43, na mpaka umeharibika, kwa sababu mwanga wa kulia umemwagikia gizani. Kuwahara anasema: gawa pikseli hizo katika miraba minne ya pikseli nne nne, yote ikishiriki ile ya katikati, tafuta mraba ambao namba zake hazikutawanyika sana, chukua wastani wa huo peke yake. Mraba wa juu kushoto, wenye 20, 24, 23 na 33, una wastani wa 25 na mtawanyiko wa 23.5. Ule wa chini kushoto una mtawanyiko wa 25.25, na miwili ya kulia ina mtawanyiko mkubwa mno. Jibu ni 25. Uchafu umeondoka na mpaka umebaki. Rudia hivyo kwa pikseli zote, kwa miraba mikubwa zaidi, na picha huvunjika kuwa mabaka yenye kingo safi, mithili ya alama za brashi. Hizo ndizo "rangi za mafuta" ambazo kijana aliziona katika simu. Programu nyingine hufuata njia iliyobuniwa mwaka 2015 na Leon Gatys na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, ambamo mtandao wa neva wa kompyuta uliokwisha kufunzwa kutambua vitu huchukua umbo kutoka picha moja na mtindo kutoka mchoro mwingine. Hiyo haifanywi kwa kalamu, lakini anayeifahamu ile ya Kuwahara haiogopi.

Nimesema kwamba jambo hili linahusu picha ya kuaminiwa. Wakulima wengi siku hizi humpelekea bwana shamba picha ya jani badala ya jani lenyewe. Ipo pia programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani pamoja na washirika wake, ambayo ilifunzwa kutambua kwa kamera ya simu dalili za batobato na za michirizi ya kahawia katika majani ya mhogo. Sasa mwanafunzi na achukue picha ya jani lenye batobato, aipitishe katika hesabu ya Kuwahara mara moja, mara mbili, mara tano, kwa miraba mikubwa zaidi na zaidi, na aandike ni lini mabaka ya ugonjwa yanapotea. Yatapotea, kwa kuwa doa lililo dogo kuliko mraba huonwa na hesabu hiyo kama uchafu. Jani litapona katika simu, na shamba litaendelea kuugua.

Picha ya namna hiyo haimdanganyi mtu kwa urahisi, maana ukungu na mabaka yake yanajulisha wazi kwamba imeguswa. Ninayoiogopa zaidi ni ile iliyo kali na safi. Simu nyingi za kisasa, bila kuulizwa, hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, huziunganisha, hufuta chembechembe, hulainisha ngozi na kukoleza anga, kisha hukabidhi matokeo kana kwamba ni mwonekano mmoja wa saa moja. Kijana aliyekwisha kuiburuta kamera yake kwa pikseli 670, akahesabu na kubashiri, anajua kwamba kila picha ni matokeo ya muda, tundu, kihisi na hesabu. Aliyefundishwa kwamba picha kali ndiyo kweli na picha yenye ukungu ndiyo kosa hana kinga yoyote. Na leo ambapo mashine huweza kutunga picha kali ya jambo ambalo halikutokea kabisa, ukosefu huo wa kinga si jambo dogo.

Najua yatakayosemwa. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na pengine zina sababu nzuri; lakini simu moja ya mwalimu yatosha kwa darasa, mradi kila kikundi kiandike mpango wake kabla ya zamu yake. Patasemwa pia kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za Monet. Hauulizi, lakini huuliza kasi, pembe, muda, tundu na wastani, na yote hayo yamo humu. Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya mwalimu atakayeuliza atasahihishaje kazi hii, ikiwa picha nzuri machoni pake ni mbaya machoni pa mwenzake. Jibu langu huenda likawaudhi wapenda sanaa: picha yenyewe isipewe alama hata moja. Alama zote ziende kwenye daftari, kwa ubashiri, vipimo, na maelezo ya tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Kila picha itakayobandikwa ukutani siku ya maonyesho ya klabu ya sayansi iandikwe chini yake saa iliyopigwa, muda wa nuru, mwendo wa kamera, na hesabu yoyote iliyofanyiwa baadaye. Na picha zilizoshindikana zisifutwe katika simu mpaka daftari limekaguliwa, kwani mara nyingi ndizo zenye vipimo ambavyo kikundi kingine kitavihitaji wiki ijayo.